ANENAYE KWA AJILI YA WENGINE BUNGENI

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi vya mtaa

Masomo ya kusomwa kwanza: Hesabu 27:1-11, Kutoka 23:1-3, Mithali 31:8-9, Luka 18:1-8



Wengi wetu tukisikia neno "upinzani" tunafikiri ugomvi. Ukisimama gulioni Omurushaka, au ukimngoja mwenzio apimiwe kahawa yake ghalani, utamsikia mtu akisema, "Yule ni mpinzani," kwa sauti ile ile ambayo angesema, "Yule ni mchawi." Wapo na wengine wanaokwenda upande wa pili. Kwao kila mpinzani ni mtakatifu, na kila mtu wa chama kinachotawala ni mla rushwa.

Somo hili lataka tuziweke kando fikira hizo mbili. Halikuandikwa ili kumwambia mtu ajiunge na chama gani, maana hiyo si kazi ya gazeti la mtaa. Limeandikwa ili tuelewe kazi moja tu: kazi ya mtu anayesimama katika Bunge la nchi, akiwa upande wa wachache, na kuuliza habari ya haki ya watu ambao wenyewe hawawezi kufika pale. Je, kazi hiyo ina maana gani kwetu sisi wa Karagwe na Kyerwa? Na je, Mkristo aipimeje?

1. Mabinti watano waliouliza swali

Fungueni Hesabu 27. Hapo twasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao amekufa jangwani bila mtoto wa kiume. Kwa desturi ya wakati ule urithi wake ungepotea katika ukoo. Mabinti hawa hawakwenda kulalamika kisimani wala kunong'ona mahemani. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote.

Angalieni mambo matatu katika maneno yao. Kwanza, walieleza jambo lenyewe lilivyo: baba yetu amekufa, hakuacha mwana, wala hakuwamo katika uasi wa Kora. Pili, walionyesha haki iliyo hatarini: jina la baba yetu litaondolewa. Tatu, walisema wanataka nini: tupeni milki pamoja na ndugu za baba yetu. Jambo, haki, ombi. Yawekeni maneno haya matatu moyoni, maana tutayarudia.

Tena angalieni Musa alivyofanya. Hakuwakemea kwa kuwa ni wanawake, wala kwa kuwa wametikisa desturi. Hakusema, "Mmetumwa na nani?" Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na sheria ikarekebishwa, si kwa ajili yao watano tu bali kwa Israeli yote.

Sisi wa mkoa wa Kagera habari hii yatugusa karibu. Tunajua vizuri sana maneno juu ya kibanja cha ukoo na mtoto wa kike. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri lililotoka mkoani kwetu, ambamo mwanamke alikuwa ameuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, naye mpwa wake akapinga kwa sheria ya mila. Jaji aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba imekataza ubaguzi. Swali la mabinti wa Selofehadi, basi, halikuishia jangwani.

2. Njia ya upinzani katika nchi yetu

Vijana wetu wengi hawakuyaona mambo ya zamani, kwa hiyo tuyapitie kwa ufupi.

Tangu mwaka 1965 Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Isidhaniwe kwamba wabunge wa wakati ule walikuwa mabubu. Wapo waliohoji, na wengine waliumia. Mwaka 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, na kwa kuwa kiti cha Bunge kilifungwa na uanachama wa chama, wakapoteza na viti vyao. Jambo hilo la kiti kufungwa na chama tutalikuta tena mbele.

Ilipofika mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchini kuwauliza wananchi: tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi? Watu wapatao wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Wawili tu walitaka vyama vingi. Lakini Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na hata Mwalimu Nyerere aliona kwamba wachache hao wasikilizwe. Sheria ya vyama vingi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1992. Hapa pana fundisho: katika nchi yetu upinzani ulizaliwa kwa sababu wengi walikubali kwamba wachache nao wana neno.

Katika uchaguzi wa mwaka 1995 vyama vya upinzani vilipata majimbo 46 kati ya 232. Mwaka 2000 upepo ulifika kwetu. Jimbo la Kyerwa, wakati huo likiwa bado ndani ya wilaya ya Karagwe (maana wilaya ya Kyerwa ilianzishwa 2012), lilimpeleka Bungeni Benedicto Mutungirehi wa TLP. Jimbo la Bukoba Mjini lilimpeleka Wilfred Lwakatare wa CUF, naye akawa kiongozi wa kambi ya upinzani Bungeni hadi 2005. Hivyo asifikiri mtu kwamba jambo hili ni la watu wa Dar es Salaam tu. Mkoa wetu uliwahi kukaa katika kiti cha mbele cha upande ule.

3. Vyombo vya kazi yake

Seremala ana randa na msumeno. Mbunge naye ana vyombo vyake, na mbunge wa upinzani hana vingine zaidi ya hivyo, kwa kuwa hana wizara wala fungu la fedha la kugawa.

Chombo cha kwanza ni swali. Kila asubuhi ya kikao mawaziri hujibu maswali yaliyoandikwa, na baada ya jibu mwenye swali huruhusiwa maswali ya nyongeza. Mara nyingi nguvu imo katika lile la nyongeza, kwa maana jibu la kwanza limetayarishwa ofisini, lakini la pili hutoka kwa waziri mwenyewe akiwa amesimama. Chombo cha pili ni hoja, yaani kulitaka Bunge zima lijadili jambo na kulitolea azimio. Cha tatu ni kamati, hasa ile ya Hesabu za Serikali, ambayo kwa kawaida ya Bunge letu huongozwa na mtu wa upinzani, ili mwenye mfuko asijikague mwenyewe. Ibara ya 63 ya Katiba yaipa Bunge madaraka ya kuisimamia serikali kwa niaba ya wananchi, na ibara ya 100 yamlinda mbunge asishtakiwe mahakamani kwa maneno aliyoyasema ndani ya Bunge.

Kinga hiyo haikutolewa ili watu watukane. Imetolewa ili mtu asiye na nguvu aweze kumwuliza mwenye nguvu.

4. Habari ya fedha za Escrow, 2014

Sasa tutazame mfano mmoja kwa utaratibu, maana mfano hufundisha kuliko maelezo.

David Kafulila alikuwa mbunge wa Kigoma Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi tangu 2010. Mwishoni mwa mwaka 2011 chama chake mwenyewe kilimfukuza, na angepoteza kiti kama wale wa 1968. Alikwenda mahakamani, akapata amri ya kubaki Bungeni. Kumbukeni hapo: kama mlango ule ungefungwa, habari inayofuata huenda isingesemwa na yeye.

Kulikuwa na mgogoro wa muda mrefu kati ya TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL juu ya kiasi cha malipo. Mwaka 2006 ilifunguliwa akaunti maalum katika Benki Kuu ili fedha zikae humo hadi mgogoro uamuliwe. Hiyo ndiyo iliyoitwa Tegeta Escrow. Mwishoni mwa 2013 fedha zilitolewa na kulipwa kwa kampuni iliyosema imeinunua IPTL. Mwaka 2014 Kafulila alisimama Bungeni kudai kwamba fedha zile zilikuwa na sehemu ya umma ndani yake na kwamba zimetolewa isivyo halali.

Hakushangiliwa. Aliambiwa hajui asemalo, na kati yake na Mwanasheria Mkuu wa Serikali yalipita maneno makali mbele ya Bunge. Lakini kama yule mjane wa Luka 18, alirudi tena na tena. Mwishowe serikali ilikubali Mkaguzi Mkuu wa Hesabu achunguze. Ripoti ikaenda kwa Kamati ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake akiwa Zitto Kabwe wa CHADEMA, na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM. Tarehe 26 Novemba 2014 Kamati ilisoma taarifa yake mbele ya Bunge, ikitaja zaidi ya shilingi bilioni 306. Baada ya siku za mabishano hadi usiku, tarehe 29 Novemba Bunge lilipitisha maazimio, watu wa upande huu na wa upande ule wakiwa pamoja.

Desemba 2014 Mwanasheria Mkuu alijiuzulu. Mwezi huo huo Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, mbunge wa Muleba Kusini hapa mkoani kwetu, aliondolewa katika uwaziri. Yeye alieleza kwamba shilingi bilioni 1.6 alizopokea zilikuwa mchango kwa ajili ya shule. Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini naye akajiuzulu.

Ndugu, hapa lipo neno linalotuchoma sisi wenyewe. Katika orodha ya waliopokea mgawo wa fedha zilizotokana na malipo yale walitajwa na viongozi wa dini, na ikaelezwa kwamba ni msaada. Hatuwahukumu. Lakini kila kanisa lenye harambee lijiulize: mgeni rasmi anapotoa bahasha nene, nasi tukapiga vigelegele, je, kuna aliyewahi kuuliza bahasha ile imetoka wapi? Ikiwa twataka mbunge aulize habari ya fedha za umma, mzee wa kanisa naye asiogope kuuliza habari ya fedha za sadaka.

5. Aliyeuliza ni mwanadamu

Habari ya Kafulila haikuishia hapo, na si haki kuikata katikati ili ipendeze. Katika uchaguzi wa 2015 hakurudi Bungeni. Baadaye alijiunga na CHADEMA, akatoka Novemba 2017, akaingia CCM, akateuliwa katika nyadhifa za serikali, pamoja na ukuu wa mkoa wa Simiyu mwaka 2021. Lwakatare naye alitoka CUF akawa mbunge wa Bukoba Mjini kwa CHADEMA kuanzia 2015 hadi 2020, na kipindi kilipokwisha akarudi CUF.

Watu wengine wakiona hivyo husema, "Waona! Wote ni walewale." Usemi huo ni wa uvivu. Kama fedha za umma zilihojiwa kwa haki mwaka 2014, zilihojiwa kwa haki, hata kama aliyehoji alivaa shati la rangi nyingine mwaka 2017. Haki haibadiliki rangi pamoja na msemaji wake. Lakini kadhalika tusimfanye msemaji kuwa sanamu. Anayemtegemea mwanadamu kana kwamba ni mwokozi, siku mwanadamu huyo akihama, imani yake nayo huhama.

Wala haki si mali ya upinzani. Oktoba 2013 ilifanyika Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Malalamiko yalikuja ya watu kupigwa, kuteswa, mifugo kuuawa. Waliosimama Bungeni kulalamika walikuwa wa CCM na wa upinzani pia, na kamati iliyochunguza iliongozwa na James Lembeli wa CCM. Taarifa iliposomwa Desemba 2013 mawaziri wanne walipoteza nafasi zao kwa siku moja, mmoja wao akiwa Balozi Khamis Kagasheki, mbunge wa Bukoba Mjini wakati huo. Tukumbuke na William Wilberforce, Mwanglikana wa Uingereza, aliyelileta shauri la biashara ya watumwa Bungeni mwaka 1789. Mwaka 1791 alishindwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Aliendelea hadi mwaka 1807, na safari hiyo ilipita kwa kura 283 dhidi ya 16. Miaka kumi na minane alirudia neno lile lile.

6. Mambo yetu wenyewe

Tuyarudishe sasa haya yote nyumbani.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, ardhi ya Kagera ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakaumia, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, Bukoba na Missenyi hasa, lakini na Karagwe na Kyerwa pia. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Michango ikaja kutoka kila upande. Mwezi huo huo Rais Magufuli alitengua uteuzi wa maofisa wakuu wa mkoa na manispaa kwa sababu ya akaunti iliyofunguliwa kwa jina linalofanana na la mfuko halali wa maafa. Januari 2017 alieleza kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, bali fedha zitatengeneza majengo ya umma kama shule na zahanati. Lwakatare na wengine wa upinzani waliitaka serikali ieleze michango imetumikaje na mwenye nyumba iliyobomoka amepata nini.

Mkristo aweza kuona sababu katika pande zote mbili. Shule iliyojengwa upya ni ya watoto wote. Lakini mjane aliyelala chini ya turubai masika nzima alikuwa na haki ya kupata jibu kutoka kinywani mwa mtu aliyewajibika kujibu. Hiyo ndiyo faida ya swali Bungeni: hata likijibiwa kwa "hapana", huwa ni "hapana" iliyosemwa hadharani na kuandikwa, mtu akaweza kuirudia.

Tuitazame na kahawa. Kila mmoja wetu ajua maana ya butura. Mwenye kibanja ana mtoto wa kupeleka sekondari Januari, au mgonjwa wa kusafirisha, na kahawa yake bado ni maua. Mwenye fedha humjia na kununua maua yale kwa bei ndogo, kisha katikati ya mwaka huja na magunia yake kuvuna jasho la mwingine. Hakuna aliyeshikiwa panga, walikubaliana. Ndiyo maana ni vigumu kulishtaki. Lakini mapatano kati ya mwenye njaa na mwenye ghala hayawezi kuitwa mapatano ya watu sawa. Tena bei ikiwa nzuri zaidi ng'ambo ya mpaka wa Uganda, kahawa huvuka usiku kwa baiskeli na pikipiki, na mwenye kukamatwa mara nyingi ni mbebaji, si mwenye mzigo.

Hapa chukueni yale maneno matatu ya mabinti wa Selofehadi mkayafanyie kazi. Jambo: mkulima auza maua kwa sababu hapati mkopo mdogo wakati wa shida. Haki iliyo hatarini: mtu ale jasho lake. Ombi: chama cha msingi kipewe uwezo wa kukopesha kabla ya mavuno, na mkulima alipwe mapema baada ya mnada. Ukilipanga hivyo, waweza kulipeleka kwa diwani, kwa mbunge wa chama chochote, au kwa mbunge wa upinzani wa mkoa mwingine. Usipolipanga, litabaki kuwa manung'uniko ya kilabuni kwenye rubisi.

7. Itakuwaje sauti ikikosekana?

Katika uchaguzi wa 2020 upinzani ulitangazwa kushinda majimbo 8 tu kati ya 264. Novemba mwaka huo wanawake 19 wa CHADEMA waliapishwa kuwa wabunge wa Viti Maalum, akiwamo Conchesta Rwamlaza wa mkoa wetu wa Kagera. Chama kikasema hakikuwatuma, kikawafukuza, lakini wakaendelea kukaa Bungeni huku shauri likiwa mahakamani. Hapo ndipo lilipojitokeza tena lile swali la 1968 na la 2011: mbunge hutumwa na nani hasa, chama au wananchi? Na akikosa chama nyuma yake, anenaye anasema kwa niaba ya nani?

Mwaka 2025 CHADEMA hakikushiriki uchaguzi. Tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, na siku zilizofuata, palitokea maandamano na umwagaji wa damu katika miji kadhaa ya nchi yetu. Tuliwaombea waliokufa na jamaa zao, na tunaendelea kuwaombea. Si kazi ya somo hili kuhukumu. Lakini wazee wetu walijua kwamba chungu kinachochemka huhitaji upenyo kwenye kifuniko. Bunge lenye watu wanaouliza kwa ukali ni upenyo. Makelele ya Dodoma huchosha, ni kweli, lakini makelele ya ndani ya nyumba yenye Spika na kanuni ni afadhali kuliko risasi na mawe barabarani. Anayeitakia serikali mema na aitakie pia wapinzani wa kweli.

8. Namna ya kumpima anenaye

Kutoka 23 inatupa kipimo, na kipimo hicho kina makali pande mbili. Hapo twaonywa tusichukue habari ya uongo, wala tusiufuate umati kutenda uovu. Tena, na wengi hulisahau hili, twaonywa tusimpendelee maskini katika shauri lake kwa kuwa ni maskini tu. Basi tumwulize kila anenaye Bungeni, wa upande wowote:

Je, asemalo ni kweli, na ana ushahidi?

Je, anawasemea watu, au anajisemea yeye kwa kutumia machozi ya watu?

Je, ameomba jambo linaloweza kutendeka, au ametukana tu akaketi?

Je, siku mtu wa chama chake mwenyewe akikosa, atauliza vilevile?

Anayepita katika maswali hayo manne amelitii neno la Mithali 31, ambapo mama mmoja amfundisha mwanawe mfalme kufumbua kinywa chake kwa ajili ya asiyeweza kusema. Angalieni kwamba neno lile aliambiwa mfalme, si mpinzani wake. Kama wenye enzi wangelitii siku zote, kazi ya upinzani ingekuwa nyepesi sana.

Maswali ya kujadiliana

1. Mabinti wa Selofehadi walisema hadharani. Ni mambo gani katika mtaa wetu tunayoyanong'ona tu? Mbona hatuyasemi?

2. Musa hakuwauliza mabinti, "Mmetumwa na nani?" Je, sisi mtu akileta lalamiko kwenye kikao cha kanisa au cha kijiji, twamwuliza nini kwanza?

3. Je, ni halali kupokea mchango wa kanisa bila kujua ulikotoka? Halmashauri yetu ifanye nini?

4. Mtu aliyesema kweli jana akihama chama leo, ile kweli yake imekuwaje?

5. Chagueni jambo moja la hapa kwetu: butura, ardhi ya wajane, au njia ya kufika zahanati. Liandikeni kwa maneno matatu: jambo, haki, ombi.

Kazi ya mwezi

Kila kikundi kipeleke andiko lake la swali la 5 kwa diwani kabla ya mwisho wa mwezi, na nakala kwa ofisi ya mbunge. Andikeni kwa heshima, wekeni tarehe, bakini na nakala. Msipojibiwa, andikeni tena. Yule mjane hakujibiwa siku ya kwanza.

Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kina sala ya kuliombea Bunge, na Kanisa letu limekuwa likiomba hivyo karne nyingi. Tumalizie kwa kuomba:

Ee Mungu, mwamuzi wa haki, twawaombea wote waketio katika Bunge la nchi yetu, walio wengi na walio wachache. Wape wanaotawala masikio ya kusikia, na wanaohoji ulimi usiosema uongo. Utuondolee sisi hofu inayotunyamazisha na chuki inayotupofusha. Umkumbuke mwenye kibanja aliyeuza maua yake, na mama anayengoja jibu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.